Mke wangu na spika ya kushoto

Spika mbili zilizoko sebuleni mwetu, hapa Lubumbashi, nilizinunua mitumba pamoja na amplifaya na mashine ya kupigia santuri, na kwa muda mrefu mke wangu alizihesabu kuwa vyombo vya mume. Kazi yake ilikuwa kuzifuta vumbi, jambo ambalo katika mji huu wa udongo mwekundu, hasa kiangazi kinapokolea mwezi wa Agosti, si kazi ndogo. Mimi nami, nakiri, sikumkaribisha, kwa kuwa nilidhani aliyesoma maandiko ya mafundi ndiye anayesikia.

Aliyetukutanisha ni Jean Bosco Mwenda. Mpiga gitaa huyo wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na rekodi za wakati ule ni za mono, yaani spika zote mbili hupokea sauti ileile. Jioni moja nilikuwa nimezihamisha spika na kuzifunga waya upya. Nikamweka Bosco, nikaketi nikijisifu moyoni. Mke wangu, ambaye huimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, alisimama mlangoni akiwa ameshika mwiko wa bukari, yaani ugali.

“Baba watoto,” akasema, “huyu mtu amekaa wapi?”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba akiwa kwaya, hata akifumba macho, anajua kila mwimbaji amesimama wapi, lakini gitaa hili lilikuwa limetapakaa sebule nzima kama moshi, na zile nyuzi nene zinazopigwa kwa kidole gumba zilikuwa zimekonda. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba rekodi ni ya zamani. Hakubisha, alirudi kwenye sufuria yake.

Baada ya kula nilichukua tochi nikainama nyuma ya spika. Waya wa ile ya kushoto uliopaswa kuingia kwenye tundu jekundu nilikuwa nimeuchomeka kwenye jeusi. Kwa hiyo spika moja ilipokuwa ikisukuma hewa mbele, mwenzake ilikuwa ikiivuta nyuma, na katika hali hiyo sauti nzito ndizo huumia zaidi, kwa sababu mawimbi yake hufutana. Nikazigeuza nyaya. Bosco akaja akatulia katikati, mbele ya kabati la vyombo, na kidole gumba chake kikapata uzito.

“Haya,” akasema mama watoto, “sasa amepata kiti.”

Tangu siku hiyo yeye husikiliza, mimi hupima kwa futi ya seremala. Ni yeye aliyeziondoa spika kwenye pembe za ukuta, ambako besi ilivimba mpaka ikameza maneno, na ni yeye aliyetundika pazia zito dirishani ili sauti kali zisirukeruke kwenye kioo. Umeme ukikatika, jambo lisilo geni kwetu, humalizia wimbo mwenyewe kwa mdomo, tena bila kukosea ufunguo.

Tatizo limebaki moja. Sebuleni mna kiti kimoja tu kilicho umbali sawa na spika zote mbili, na siku zote kilikuwa changu. Jumapili iliyopita nilichelewa kurudi kutoka misa, nikamkuta amekikalia, miguu juu ya stuli, macho ameyafumba. Nilikohoa mara mbili. Hakuinuka.