Vita viliisha, foleni zikabaki

Tukizungumzia Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, tunawataja wapiganaji, na ni haki yao. Lakini jamani, tusiwasahau waliobaki nyumbani. Mgambo wengi walitoka moja kwa moja shambani kwenda mstari wa mbele, na jembe likabaki mikononi mwa mama na watoto.

Kampala ilianguka Aprili 1979. Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akawaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Mkanda ulifungwa miaka mingi kuliko hiyo, maana fedha za kigeni zilikwisha, na mafuta yalikuwa yamepanda bei. Sukari, unga na sabuni vikawa vya mgao. Jina lako lilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, kisha unapanga foleni alfajiri, na ukichelewa unakuta shehena imekwisha.

Sabuni ilipokosekana, mama zetu walifulia majani ya mpapai. Unachuma mabichi, unayaponda, unayafikicha kwenye maji mpaka yatoe povu, ndipo unaloweka nguo. Suuza upesi, kwa maji mengi. Ukizembea, rangi ya kijani inashika nguo nyeupe, na shati la shule haliwi tena jeupe. Utomvu nao unawasha mikono, hasa yenye mikwaruzo ya jembe.

Chai ilinywewa bila sukari. Ugali ulikuwa wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, na watoto waliununia. Mama alisubiri washibe, ndipo akakwangua ukoko.