Kituo cha nyumba janja kinachopotea hewani

Siku ya 1

Kituo ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye Raspberry Pi OS, na Home Assistant, programu inayosimamia nyumba janja, inaendeshwa ndani ya Docker (programu ya kuendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa). Kimeunganishwa kwa Wi-Fi. SSD (diski) ya nje iko kwenye tundu la bluu, yaani USB 3.0, na donglo ya Zigbee (kifaa kidogo cha USB kinachowasiliana na taa kwa redio) imechomekwa jirani yake. Mara tatu au nne kwa siku simu inasema kituo hakipatikani, na taa haziitikii.

Usikimbilie kuzima na kuwasha. Kituo kinarudi, ndiyo, lakini kumbukumbu za hitilafu ya umeme zinafutika nacho. Badala yake, skripti fupi imewekwa ndani ya kituo: kila sekunde 60 inatuma ping (ujumbe mfupi wa kuulizia kama kifaa kipo) kwa ruta (192.168.1.1), kisha kwa 1.1.1.1, seva iliyo nje kwenye intaneti, na kuandika saa na jibu. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 ikanyamaza, tatizo ni la mtoa huduma. Zote zikinyamaza, tatizo liko humu ndani.

Siku ya 2

Zote zimenyamaza, 02:14 hadi 02:19, na tena mchana. Mtoa huduma hahusiki.

Amri ya kusoma hali ya umeme ya Pi, `vcgencmd get_throttled`, imetoa 0x50000: tangu kituo kiwashwe, umeme umewahi kushuka chini ya takriban volti 4.63 na prosesa ikapunguzwa kasi. Chaja ni ya simu, 5V 2A, na waya wake ni mwembamba wa mita 2. SSD inapoandika, mkondo unapanda na volti zinapotelea njiani kwenye waya. Imewekwa chaja ya 5.1V 3A yenye waya mfupi. Baada ya saa 24: 0x0, yaani hakuna hitilafu.

Siku ya 4

Afadhali, ila bado kimepotea mara mbili. Sasa ni zamu ya hewa yenyewe. USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, palepale Wi-Fi na Zigbee zinapozungumzia. Jaribio ni `ping -c 100 192.168.1.1` huku SSD ikinakili faili kubwa:

SSD kwenye tundu la bluu: pakiti (ujumbe wa ping) 11 kati ya 100 zimepotea.
SSD kwenye tundu jeusi, USB 2.0: 2.
Baada ya kuzima hali ya Wi-Fi ya kubana umeme, `sudo iw dev wlan0 set power_save off`: 0.

Badili kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Vinginevyo hutajua dawa ni ipi. Amri hiyo ya iw haidumu kituo kikizimwa. Donglo nayo imehamishiwa kwenye waya wa kurefusha wa nusu mita.

Siku ya 6

Kebo ya mtandao ya Cat5e, mita 12, imevutwa hadi kwenye ruta. Kifaa kisichohama hakina sababu ya kutegemea Wi-Fi.

Simu ikashindwa tena kukipata! Anwani ya IP ilikuwa imetengwa kwenye ruta kwa MAC (namba ya utambulisho wa kifaa cha mtandao) ya wlan0, yaani Wi-Fi, na eth0, yaani ya kebo, ina MAC yake. Imetengwa upya, 192.168.1.20, na Wi-Fi imezimwa kwa `sudo nmcli radio wifi off`.

Siku ya 9

Skripti haijaandika mkatiko. Limebaki la umeme kukatika: Pi huamka kabla ya ruta, na NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, hujaribu kuunganisha mara 4 kisha husimama kwa muda. Tiba:

`sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.autoconnect-retries 0`

Hapo 0 maana yake ni kujaribu bila kikomo.