Maji Yanapungua, Chini Pakavu

Kwa wiki kadhaa Landrova aliyotuachia marehemu baba imekuwa ikinywa maji. Asubuhi nikifungua mfuniko wa rejeta nakuta kina kimeshuka kidogo, si cha kutisha, nusu kikombe pengine. Najazia, nawasha, naenda zangu. Jioni nikiegesha uani, chini pakavu. Nimetandika maboksi yaliyokunjuliwa chini ya injini usiku kucha na asubuhi nikayakuta yalivyo, ukiacha doa la oili la giaboksi ambalo kwa Landrova ni kama cheti cha kuzaliwa.

Maji yanayodondoka hayanitishi. Ninayoyaogopa ni haya yanayopotea. Mawazo yanakimbilia moja kwa moja kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili na ndani ya injini, na hapo unaanza kupiga hesabu ya fedha usizokuwa nazo. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi kama siku zote, haina weupe wowote. Moshi wa ekzosi ni ule ule. Nikawasha injini ikiwa ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, nikakodolea macho shingo ya rejeta nione kama kuna mapovu yanayopanda. Hakuna. Roho ikatulia kidogo, kwa sababu kilichobaki ni kutafuta.

Gari lenyewe ni 109, yaani ile ndefu, Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, la injini ya petroli ya lita mbili na robo. Wanaolicheka wana sababu zao. Ila rejeta yake ni ya kizamani kabisa: shaba na lehemu, juu tangi, chini tangi, katikati kiini cha mirija na mapezi. Hakuna plastiki hata kidogo. Nitarudi kwenye hilo.

Jumamosi nililiacha linguruma pale uani mpaka mshale wa temperecha ukatulia mahali pake, nikazima, nikachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Nyuma ya kava la feni, pale tangi la juu linapokutana na kiini, kulikuwa na ukoko wa kijani mbichi. Huo ni ukungu wa shaba, na haumei pakavu. Nikausugua kwa brashi ya waya, nikawasha tena, nikasubiri. Injini ilipopata moto, mstari mwembamba wa unyevu ukajitokeza kwenye kiungo, ukang'aa, ukakauka kabla haujateremka hata inchi moja. Nikazima na kuangalia tena baada ya muda: hakuna kitu.

Ndiyo maana maboksi yangu hayakulowa. Injini ikiwa ya baridi, ufa ule umejifunga na maji hayana nguvu ya kuupenya. Yakipata moto yanapanuka, mfuniko unazuia, mgandamizo unapanda, ufa unaachia. Kinachotoka kinaangukia kwenye mapezi ya moto na kugeuka mvuke pale pale. Mfuniko wa gari hili una namba 9, yaani unastahimili pauni 9 kwa inchi ya mraba kabla haujaachia. Kwetu Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mgandamizo huo mdogo ndio unaoyazuia yasichemke wakati unapanda mlima Kitonga na mzigo nyuma ya lori lililoweka gia ya kwanza. Kiungo kikivuja, hupotezi maji peke yake, unapoteza na ile kinga.

Ushauri haukukosekana. Mjomba kwa simu: vunja yai, tia ute wake, litaziba. Kijana wa bodaboda jirani: bizari ya manjano, vijiko viwili. Muuza spea: kopo la unga wa kuzibia, "unatia tu, braza, unasahau". Sibezi hata mmoja. Mtu akikwama Ruaha Mbuyuni usiku na watoto ndani ya gari, atie yai, atie bizari, atie chochote kitakachomfikisha. Lakini dawa hizo hazina macho. Zinaziba penye upenyo mwembamba popote zinapoukuta, na rejeta ya umri huu ina mirija ambayo tayari imebanwa na chumvi za maji ya mtoni. Hita nayo ina mirija yake miembamba. Asiyeijua baridi ya Iringa ya Juni na Julai anaweza kusema hita ya nini, mimi siwezi.

Nikamwaga maji kwenye beseni na kulifunika, maana yana kulanti, dawa ya kupozea injini, na kulanti ni tamu kwa mbwa na inaua. Kung'oa rejeta ya Landrova ni kazi ya spana na uvumilivu. Boliti za chini zilinigomea hadi nilipozilowesha mafuta na kwenda kunywa chai.

Fundi wa rejeta yuko Ipogolo, chini kule barabara kuu. Ni mzee wa makamo ya baba kama angekuwepo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaongeza "kamwene", salamu ya Kihehe, na kabla sijaeleza lolote akaipokea rejeta na kuipimapima uzito mikononi.

"Hii bado ina shaba ndani," akasema. "Tangu lini inavuja?"

"Si nyingi, mzee. Nusu kikombe kwa siku."

"Sikukuuliza kiasi, mwanangu."

Aliziba matundu kwa vipande vya tyubu, akaizamisha kwenye pipa lililokatwa nusu, akapuliza hewa. Mapovu yakatoka pale nilipopaona mimi, na mahali pengine pawili ambapo sikupaona, kwenye kona ile ile. Akapawekea alama kwa msumari. Kisha brashi ya waya mpaka shaba ikawa nyekundu kabisa, kisha asidi yake, ambayo huipoza kwa vipande vya zinki alivyovikata kutoka kwenye betri kuukuu za tochi. Pasi yake ya kulehemu ni kipande kinene cha shaba kwenye mpini, kinachopashwa kwenye jiko la mkaa.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mtungi wa gesi ulioko pale kando, amalize haraka. Akanionyesha kiungo chote cha tangi kwa kidole. Lehemu yote ile inayeyuka kwa moto mdogo, haifiki hata nyuzi 300; ukiwasha moto mkali kuziba tundu moja, unafungua mengine jirani. Pasi inapasha pale tu inapogusa. Nilisogea upande upepo unakotoka, maana ile ni risasi na bati, na moshi wake si wa kuvuta. Yeye hakusogea. Nilitaka kumwambia, nikakosa namna ya kumwambia mzee kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa.

Alipomaliza alisuuza kiungo kwa maji na sabuni, kwa sababu asidi ikibaki inaendelea kula shaba, akazamisha tena. Kimya, hakuna povu.

Nje ya banda lake kuna lundo la rejeta za magari ya juzi juzi, kiini cha alumini, tangi la plastiki lililobanwa kwa meno ya bati. Plastiki hiyo inakauka kwa joto la miaka, inapata ufa, na hailehemeki. Watu wanapaka gundi, inashika kwa muda, kisha wananunua nyingine. "Hizi za kutupa," alisema, si kwa dharau, zaidi kama mtu anayehesabu wateja. Nilimuuliza kama kuna kijana anayemfundisha. Alikuwepo mmoja, akahamia kazi ya simu.

Narudi nyumbani, nafunga, najaza polepole nimeelekeza pua ya gari mlimani ili hewa ipande, hita nimeifungua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, haipo. Fundi fulani wa zamani aliing'oa, kama wengi wanavyofanya wakiamini injini itapoa zaidi. Injini isiyofikia joto lake inakula petroli na kujichakaza, na baba alikuwa akilalamikia petroli ya gari hili miaka yote. Sasa natafuta ya nyuzi 82. Duka la mjini halina, wameniambia nijaribu Dar, Gerezani au Kariakoo.

Mzee alinipa onyo moja wakati ananirudishia chenji: nisidanganywe kununua mfuniko wenye namba kubwa zaidi ya 9. Viungo vingine vyote, alisema, bado ni vya zamani.

Alhamisi nabeba nyanya Ilula. Nitapima kina asubuhi kabla ya kuondoka, na tena likipoa.