Dizeli ya pampu, wiki ya 3: valvu zimekaa, zimebaki ringi

Juzi nimeifungua tena hii injini ya dizeli, S195, ya kupampia maji bustanini. Shida ni ile ile, asubuhi za baridi huku Mbeya unazungusha hendeli mpaka mkono unakufa ganzi na haiwaki, inatoa moshi mweupe tu. Nikaizungusha polepole bila kushika ile liva ya kuachia hewa, flaiwili ikapita kirahisi kabisa wakati injini isiyo na shida hapo inagoma na kurudi nyuma, na kwenye eksozi nikasikia fyuuu. Hewa inatoroka kwenye valvu, yaani vile vifuniko vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi.

Nikashusha hedi, yaani kifuniko cha silinda, nikasaga valvu zote mbili kwa pesti, kisha nikamwaga mafuta ya taa kwenye tundu la eksozi nikayaacha nusu saa. Hata tone halikupita, aisee nilifurahi!

Mpwa wangu alikuwa ananishikia spana akauliza swali zuri sana: "Mjomba, kama kubana hewa kunakula nguvu, si bora isibanwe?" Nikamwonyesha silinda yenyewe, upana mm 95, mwendo wa pistoni mm 115, hiyo ni kama cc 815 na zote zinabanwa zienee kwenye kikombe cha kahawa cha kijiweni. Hewa ikibanwa hivyo inapata moto zaidi ya nyuzi 500, ndo maana dizeli inawaka bila plagi. Ila hiyo ni nusu ya jibu, maana petroli ina plagi na bado inabanwa. Kubwa ni nafasi ya kutanuka: nguvu uliyobania inarudi karibu yote kama springi, na moto wa mafuta unaongezeka juu yake pistoni ikiwa juu kabisa, kwa hiyo gesi inaisukuma mwendo mzima. Injini ya gesi ya mvumbuzi Lenoir ya 1860 haikubana, ilivuta gesi na hewa mpaka pistoni inakaribia katikati ndo inawasha, ikabaki nusu tu ya safari na joto jingi likaenda na moshi. Mjerumani Otto akaja na injini inayobana kabla ya kuwasha, 1876, na gesi iliyoliwa ikapungua sana.

Jana nimefunga, sasa inagoma kweli ukiizungusha. Lakini nikitia vijiko viwili vya oili kwenye tundu la kuvutia hewa inakaza zaidi, yaani ringi (pete za pistoni) nazo zimechoka na oili ndo inaziba. Nimeagiza ringi na slivu (bomba ambamo pistoni inapita), zikifika ntapima kwanza uwazi kati ya ncha mbili za ringi ikiwa ndani ya slivu kabla sijarudisha pistoni.