Karani aliniuliza hati ya baraza
Ndoa ya miaka kumi na moja, na uamuzi wa kudai talaka niliufanya jikoni saa kumi alfajiri, watoto wamelala. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha.

Asubuhi nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akaniuliza kwa upole, "Mama, hati ya baraza iko wapi?" Kumbe Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka kwanza mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati, na bila hiyo kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi. Tuliitwa mara tatu, mwenzangu akaja mara moja.

Lililonitesa ni nyumba. Kiwanja kina jina lake, mimi sijawahi kuajiriwa. Mawifi wakasema nitatoka na mabegi tu. Msaidizi wa kisheria akanieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea! Dada zangu, nilikaa chini palepale.

Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Risiti za saruji niliyonunua kwa pesa za vitumbua ninazo zote.