Siku moja ndani ya bafu la miaka ya 1950, Upanga, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi. Napanda mwendokasi Kimara, nashuka Fire, nakata kwa miguu kuingia Upanga na begi la zana begani. Mimi ni fundi tailizi, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni mabafu ya zamani ya mtaa huu. Nyumba nyingi za hapa ni za miaka ya 1950. Majengo ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, mengi yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na tangu 1990 yakawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji habomoi bafu asilolijenga, na nadhani ndiyo maana mengine bado yamesimama yalivyojengwa.

Saa 1 na nusu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mnavunja?"

"Hatuvunji, mama."

Amekwishaambiwa na fundi mwingine ang'oe kila kitu, aweke tailizi kubwa za sentimita 60. Mimi nimemwomba anipe nafasi. Kuta zake zina tailizi za kijani hafifu za inchi 6, juu kuna mstari mweusi unaozunguka chumba kizima, na kwenye kona kuna vipande vilivyopinda ili uchafu usijifiche. Vile vya kona siku hizi hauvikuti dukani.

Saa 2. Kabla ya kugusa chochote nagonga ukuta wote kwa mpini wa tindo, tailizi moja baada ya nyingine. Iliyoshika inatoa sauti kavu na fupi, iliyoachia inatoa sauti ya uwazi. Kijana wangu anaweka alama ya chaki. Iliyoachia lakini haichezi tunaiacha ilivyo, maana udongo wa zamani, yaani saruji na mchanga wa kugandishia, ulipakwa mnene na ukipiga patasi pale unaamsha na majirani zake. Tunaondoa zinazocheza na zilizopasuka tu, na nyingi ziko karibu na bomba la shawa.

Saa 3 anafika fundi bomba. Mabomba ni ya chuma, nusu inchi, na kutu imejaa ndani mpaka tundu lililobaki halipitishi hata kalamu. Hapo ndipo mabafu mengi hufia: fundi anawasha grenda, anachimba mfereji katikati ya tailizi, halafu anasema hazipatikani tena, bora zote zitoke. Sisi tumetoka nje ya bafu. Nyuma ya ukuta huo ni korido, na korido ina lipu na rangi tu. Tunachimba kutokea huko, tunang'oa chuma, tunapitisha PPR, bomba la plastiki, ya milimita 20. Mashine ya kuunganishia inapashwa hadi nyuzi 260, bomba na kiungo vinakaa kwenye moto sekunde 5, vinaunganishwa bila kuzungusha, kisha unavishika vitulie. Upande wa bafuni koki za shaba za zamani zinabaki palepale. Nyuzi zake za kufungia kwenye bomba ni za nusu inchi ya Kiingereza, ileile inayotumika leo, kwa hiyo tunabadilisha washa tu, kile kipira cha ndani kinachozuia maji.

Saa 6 watu hupenda kunituma Kariakoo kutafuta tailizi zinazofanana. Siendi. Inchi 6 ni milimita 152.4, na tailizi za sasa za ukubwa huo huja na milimita 150. Ukichanganya kwenye mstari mmoja, ukifika ya kumi umeshapoteza zaidi ya sentimita 2 na viungo havikutani tena. Badala yake tunavuna humuhumu ndani. Mama anataka kabati jipya pembeni ya sinki, na ukuta utakaofunikwa na kabati hilo hautaonekana. Nakata viungo kwa wembe wa msumeno wa chuma, natoa ya kwanza hata kama itavunjika, halafu naingiza tindo jembamba kutoka ubavuni, kwenye udongo, siyo kwenye tailizi. Kugonga ni kidogo kidogo. Zikitoka zinalala kwenye ndoo ya maji, saruji ya mgongoni ilowane ndipo nikwangue.

Wali maharage kwa mama ntilie. Saa 8 tumerudi.

Kijana amenunua asidi ya kusafishia, kama wanavyofanya wengi. Nimemrudishia. Sakafu ya bafu hili ni terazo, yaani vipande vya mawe ya marumaru ndani ya saruji, na asidi inakula vyote viwili. Tunatumia sabuni ya maji, brashi ya nailoni na mikono. Ile chumvi nyeupe inayotoka ukutani inafagiliwa kwa brashi kavu. Ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani.

Saa 9 na nusu narudisha tailizi kwa pima maji. Viungo vya zamani havifiki milimita 2, kwa hiyo grauti, ile saruji ya kujazia viungo, lazima iwe isiyo na mchanga, na rangi yake nimeijaribu tangu jana kwenye kipande cha tailizi, kwa sababu ikikauka hubadilika. Nyeupe ya dukani ingeonyesha kila mahali tulipogusa. Sponji inapita mshazari ili isichimbe viungo.

Choo cha zamani kinabaki pia, na tangi lake la lita 9. Najua watu wanataka kupunguza maji, lakini bakuli hili lilitengenezwa kwa lita hizo. Ukilimwagia lita 3 tu halisafishi. Tumebadilisha boya na valvu.

Saa 11 na nusu tunafungua maji upande wa korido na kukagua kila kiungo kabla lipu haijarudi. Hakuna panapovuja. Mama anauliza kama ataoga leo. Namwomba aiache grauti mpaka kesho jioni. Na hita aliyoinunua bado iko kwenye boksi: waya wa zamani uliofika bafuni hauna ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwa hiyo fundi umeme anakuja asubuhi kuvuta mpya, naye pia atapitia korido.