Nilivyoanzisha mfuko wa skolashipu kwa jina la mke wangu

Mke wangu alikuwa muuguzi wa shule katika mji mdogo wa wakulima hapa Marekani, wenye sekondari moja tu. Alipofariki, tuliandika kwenye tangazo la msiba kwamba badala ya maua, atakayeguswa achangie masomo ya vijana wa shule ile. Hundi zikaanza kuingia hata wageni hawajaondoka. Kuna waliotuma dola 10, na kuna mkulima mmoja aliyetuma 2,000 kwa sababu marehemu ndiye aliyemgundua binti yake kuwa na kisukari. Tangu hapo Waswahili wenzangu wa huku wameniuliza sana tulifanyaje, nami naona jambo hili linastahili kuelezwa vizuri.

Hundi zile sikuziweka kwenye akaunti yangu. Kwa sheria ya kodi ya hapa, mchango unaoingia kwa mtu binafsi haumpi mtoaji nafuu ya kodi, hata nia iwe njema namna gani. Ningeweza kusajili shirika la hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria hiyo, ambalo michango yake huwapa watoaji nafuu, lakini hilo lina bodi yake, ripoti zake za kila mwaka na mahesabu yake, na mimi nilikuwa kwenye eda ya moyo. Nikaenda kwenye wakfu wa jamii wa eneo letu, yaani shirika la hisani lililokwisha kusajiliwa hivyo. Wakfu wa aina hii wa kwanza ulianzishwa Cleveland mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria na mtu wa benki: fedha za watu wengi zinawekezwa pamoja, ila kila mfuko unabaki na jina lake na kusudi lake. Wanakata ada kidogo kila mwaka, na kwa kazi wanayotuondolea naona ni halali yao.

Walitaka angalau dola 25,000 ili mfuko uwe wa kudumu, wakatupa muda wa kuzifikisha. Kwa mwaka hutolewa asilimia 4, yaani kama dola 1,000, na mtaji hauguswi. Asilimia hiyo hupigwa kwenye wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka mitatu, ili soko la hisa likianguka mwanafunzi wa mwaka huo asiumie peke yake. Shemeji yangu alitaka tutoe 5,000 kila mwaka mpaka ziishe. Hoja yake haikuwa mbaya, na kama tungepata 6,000 tu ningemuunga mkono, maana mfuko wa kudumu wa kiasi hicho unazaa dola 240 tu. Lakini michango ilikuwa inaendelea. Nilimkumbusha habari za Irving Fradkin, mpima macho wa Fall River, Massachusetts, ambaye mwaka 1958 aliwaomba watu wa mji wake dola moja moja kusomesha vijana wao, na kazi hiyo ikakua hadi kuwa shirika la skolashipu la leo liitwalo Scholarship America. Tukaenda hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka tukafika.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa mkataba wa mfuko, na hapo ndipo ningemshauri mtu yeyote asiwe na haraka. Mkataba huo utasomwa na watu ambao hawakumjua marehemu, sisi sote tukiwa hatupo.

Rasimu waliyotupa ilisema skolashipu ni ya mwanafunzi anayehitimu mwaka huo, mwenye wastani wa alama wa 3.5 kati ya 4, anayekwenda chuo cha miaka minne. Nilikataa yote matatu. Mke wangu alikuwa anakaa na watoto wanaokuja kwake asubuhi wakiwa na njaa, wakisema kichwa kinauma. Watoto hao hawana 3.5. Tukaweka 2.5, tukaruhusu vyuo vya ufundi na vyeti vifupi vya uuguzi, uchomeleaji na umeme. Na badala ya anayehitimu mwaka huu tukaandika mhitimu wa shule hii, wa mwaka wowote, ili mama aliyemaliza zamani akaingia kwenye malezi naye aweze kuomba. Tukaongeza sentensi moja ambayo mwanasheria wa wakfu aliipenda: shule ikiunganishwa na nyingine, mfuko uwafuate watoto wa mji ule. Shule za mashambani huunganishwa mara nyingi, na mfuko usio na sentensi hiyo unaweza kubaki unaelea.

Kamati ya kuchagua wanafunzi nayo ina masharti. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2006 (Pension Protection Act), mimi na jamaa zangu hatuwezi kuwa wengi ndani yake wala kuiendesha, na wajumbe huteuliwa na wakfu. Fedha haziwezi kwenda kwa ndugu zetu. Mpwa wangu anasoma shule hiyo hiyo. Nilimweleza mapema, akaelewa. Maombi huja yakiwa yamefutwa majina, jambo ambalo katika mji ambako kila mtu anamjua mwenzake ni la lazima. Hata hivyo unakutana na mwombaji aliyeandika kwamba anakamua ng'ombe kabla ya basi la shule kufika, na nusu ya kamati inajua ni nani. Basi tunasoma kwa alama zilizopangwa kabla, na kila mjumbe anatoa zake kabla ya kuzungumza.

Kuna jambo moja linaloniuma. Chuo kikipata habari kwamba mwanafunzi ana skolashipu ya nje, kinaweza kupunguza kwa kiasi kile kile ruzuku ambayo chenyewe kinampa. Mtoto anabaki pale pale, na dola za walioomboleza zinakuwa zimekisaidia chuo. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuzuia hilo kwa vyuo vyake vya umma, mwaka 2017, na mengine kadhaa yakafuata. Jimbo letu bado. Kwa hiyo kila hundi inaondoka na barua inayokiomba chuo kipunguze kwanza mkopo wa mwanafunzi, si ruzuku. Tena mwanafunzi anaweza kuomba fedha zishikwe hadi mwaka wa pili, wakati ambapo vyuo vingi huwa vimeshapunguza ukarimu wao wa mwanzo.

Pia tunawaambia wazi kwamba ada, vitabu na vifaa vinavyotakiwa na kozi havikatwi kodi, lakini sehemu itakayolipia chumba na chakula inahesabiwa kuwa kipato. Mshauri wa wanafunzi huwaeleza hayo ana kwa ana mwezi Mei, kabla ya usiku wa tuzo.

Mwaka huu aliyechaguliwa ni baba wa watoto wawili, mhitimu wa zamani, anasomea uchomeleaji. Chuo chake kilikubali barua yetu na kupunguza mkopo.